Seme 1899: Waliadhibiwa au Walipigana?

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa kidato cha pili katika nchi hii amelazimika kukariri orodha ya jamii za Kenya kwa kufuata jinsi zilivyompokea Mwingereza. Kuna waliopinga, nao ni Wanandi, Wagiriama, Wabukusu na Wasomali. Kuna walioshirikiana, nao ni Wamaasai na Wawanga. Halafu kuna kikapu cha tatu, cha wale wasioenea vizuri katika vile viwili vya kwanza, na humo hutiwa Wakamba, Wagikuyu na Wajaluo. Chini ya Wajaluo mwalimu huandika ubaoni kwamba Gem na Asembo walishirikiana, ilhali Ugenya, Sakwa, Uyoma, Kisumu na Seme walipinga. Mwanafunzi hunakili, hukariri, hujibu swali la mtihani, kisha husahau.

Na tumwazie mwanafunzi huyo akiwa ameketi darasani Kombewa. Kombewa ni mji mdogo wa soko, magharibi mwa Kisumu kwenye barabara ya kwenda Bondo, nao umo katika nchi ya Seme. Neno lile la mwisho ubaoni, ambalo mwalimu amelifikia akiwa tayari ameanza kuchoka, ni makwao. Hao "waliopinga" ni mababu wa babu yake. Hata hivyo, kila ninapowauliza wanafunzi wangu waliozaliwa kandokando ya ziwa wanitajie Waafrika waliomkabili mkoloni kwa silaha, hunitajia Koitalel arap Samoei, Mekatilili wa Menza na Dedan Kimathi. Majina hayo yanastahili kutajwa, wala sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni kwa nini mtoto wa Seme aijue vita ya kila mtu isipokuwa ya kwao.

Mimi si mwanahistoria. Kazi yangu ni isimu, na aghalabu sisi wanaisimu huambiwa tusitie mguu katika shamba la wenzetu. Lakini nadhani swali hili lina upande ambao ni wa lugha, tena lugha ndiyo iliyolifunika jambo lenyewe.

Kwanza habari kwa ufupi. Mwaka wa 1899 pwani hii ya ziwa haikuwa sehemu ya Kenya. Katika ramani za Waingereza ilihesabiwa kuwa mkoa wa mashariki wa Himaya ya Uganda, na ikabaki hivyo hadi 1902. Reli ilikuwa bado njiani, nayo ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Utawala uliishi kwa misafara, na misafara ilikula. Chakula chake kilitoka katika ghala za wenyeji na kitoweo chake kikatoka katika mazizi yao, kwa biashara palipokuwa na maelewano na kwa nguvu pasipokuwa na maelewano. Mwaka huo kikosi kikiongozwa na ofisa C. W. Hobley kilipelekwa kuwapiga watu wa Seme, Sakwa na Uyoma. Wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Wenyeji walikuwa na mikuki na ngao. Wageni walikuwa na bunduki. Mifugo ilitekwa kwa wingi. Kuwateka ng'ombe wakati ule hakukuwa jambo dogo, kwani ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeyafagia mazizi ya Afrika Mashariki miaka michache tu kabla ya hapo, na ng'ombe aliyesalia alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana na akiba ya siku ya njaa.

Tukio hilo limeingia katika vitabu kwa jina la msafara wa kuadhibu. Hilo ndilo jina la Kiingereza lililotumiwa na maofisa wenyewe, nasi tunapolileta katika Kiswahili hulitafsiri neno kwa neno bila ya kulipekua.

Hebu tulipekue. Kitenzi "kuadhibu" kina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja. Mwalimu humwadhibu mwanafunzi, hakimu humwadhibu mhalifu. Hatusemi kwamba mwalimu na mwanafunzi waliadhibiana, isipokuwa kwa mzaha. Tena adhabu haiji mwanzo. Hutanguliwa na kosa, na kosa hutanguliwa na sheria, na sheria hutanguliwa na mamlaka ambayo pande zote mbili zinayatambua. Ukiandika kwamba watu wa Seme "waliadhibiwa", umekwisha kukubali, bila ya kuulizwa, kwamba palikuwa na sheria waliyoivunja na bwana waliyemkosea. Lakini nani katika Seme ya 1899 alikuwa ameketi na Mwingereza wakaitunga sheria hiyo?

Sasa lilinganishe na "kupigana". Kiambishi kile kidogo cha mwisho, ambacho kila mwanafunzi wa sarufi anakijua kuwa cha kutendana, hakikubali kuwa na upande mmoja. Wakipigana, basi wako wawili, na kila mmoja ni mtendaji. Nalo neno "vita" lina tabia ya ajabu: katika Kiswahili sanifu huchukua upatanisho wa wingi, vita hivi, vita vile, wala hakuna anayesema "kita kimoja". (Najua kuna wasomaji wengi wanaosema "vita hii", nami nimejikuta nikiisema hapo juu, tusikorofishane.) Katika sentensi ya kwanza mtu wa Seme ni kitu kinachotendewa. Katika sentensi ya pili yeye ni nafsi. Tofauti baina ya sentensi hizo ni tofauti ya kisarufi, lakini mtoto anayezisoma huondoka na picha mbili tofauti za babu yake.

Maneno ya ndugu zake "kuadhibu" ni mengi. Kuna "kutuliza", ambalo kwa kawaida tunalitumia kwa mtoto anayelia au kwa maumivu ya jino. Kwa Kiingereza cha watawala, nchi nzima za Wanandi na Wakisii "zilitulizwa". Wanandi walitulizwa tangu 1895 hadi tarehe 19 Oktoba 1905, siku ambayo Koitalel aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Wakisii walitulizwa mwaka wa 1905, kisha wakatulizwa tena mwaka wa 1908 baada ya kijana Otenyo, aliyehimizwa na Moraa, kumchoma mkuki ofisa G. A. S. Northcote. Utulivu huo wa 1908 ulikuwa mkali kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, aliandika kutoka London kulalamikia mauaji ya watu wasio na uwezo wa kujitetea. Northcote mwenyewe alipona, na Wakisii wakalifinyanga jina lake likawa Nyarigoti. Nataja jambo hili la mwisho kwa sababu linanifurahisha: waliotulizwa walibaki na uwezo wa kumpa jina aliyewatuliza.

Na "himaya" je? Neno hilo limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa "kuhami", yaani kulinda. Himaya na kujihami ni ndugu wa tumbo moja. Basi watu wa Seme walilazimika kujihami dhidi ya himaya, na lugha yetu ikabaki kimya kana kwamba hakuna lililotokea.

Neno lililo gumu kuliko yote ni "uasi". Kuasi, kwa asili yake, ni kukataa kumtii anayestahili kutiiwa. Mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mungu. Ndiyo maana "maasi" katika Kiswahili cha dini ni madhambi. Kwa lugha ya Dholuo, inayozungumzwa Kombewa, tofauti hii ni wazi vilevile: kuna "lweny", ambayo ni vita, na kuna "ng'anyo", ambayo ni kukaidi au kuasi. Mtu hawezi kufanya ng'anyo dhidi ya mgeni aliyewasili jana. Kwanza lazima awe chini yake.

Sisemi kwamba uasi haupo, au kwamba ni neno la aibu. Mwaka wa 1897 askari wa Kisudani waliokuwa katika utumishi wa Waingereza nchini Uganda walichoshwa na safari zisizokwisha na ujira duni, wakawageukia maofisa wao. Ule ulikuwa uasi kwa maana kamili, kwani walikuwa askari walioandikishwa na kulipwa, kidogo ilivyokuwa. Wanajeshi wa Lanet walioleta msukosuko mwezi wa Januari 1964 nao waliasi. Tukitumia neno moja kwa askari wa Lanet na kwa mkulima wa Seme aliyeshika mkuki kwenye lango la boma lake, basi neno hilo halitusaidii tena kufahamu chochote.

Uasi ule wa Wasudani ulizimwa kwa msaada wa askari walioletwa kutoka India, na hapo ndipo ninapotaka kuwavusha wasomaji bahari kidogo. Sisi watu wa Kisumu tunawajua Wahindi kama wajenzi wa reli na wenye maduka. Wachache miongoni mwetu wanawajua kama watu waliopigana na Mwingereza huyuhuyu, tena wakabishana naye juu ya maneno haya haya, na wakati mwingine wakamshinda katika mabishano.

Mwaka wa 1857 sehemu kubwa ya India ya kaskazini iliwaka moto. Ulioanza ulikuwa uasi wa askari, lakini upesi uliwachukua wakulima, watu wa mijini na watawala wa kienyeji ambao hawakuwa askari wa mtu yeyote. Waingereza waliuita uasi wa askari na kuliacha jambo hapo. Mwaka wa 1909 V. D. Savarkar alichapisha kitabu kilichoviita vita vya uhuru wa India, nacho kikapigwa marufuku. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu siasa za baadaye za Savarkar, nami ninayo yangu, lakini hapa aliona jambo ambalo serikali pia iliona: jina pekee lilitosha kuwa hatari.

Wapo Wahindi walioshika njia nyingine kabisa. Mwaka wa 1913 wahamiaji, wengi wao Wapunjabi, waliokuwa wakifanya kazi katika pwani ya magharibi ya Marekani walianzisha chama cha kuupindua utawala wa Waingereza kwa silaha. Wakachapisha gazeti huko San Francisco na kuliita Ghadar, neno ambalo kwa Kiurdu lina maana ya uasi na lililotumika kwa matukio ya 1857. Hawakulikwepa tusi, walilivaa. Gazeti hilo lilifika hata Afrika Mashariki, na katika Vita Vikuu vya Kwanza Wahindi kadhaa wa nchi hii walikamatwa kwa ajili ya maandishi hayo, na baadhi yao wakahukumiwa kifo. Ni watu wa Kenya, nao hawamo katika orodha yoyote ya kidato cha pili.

Mabishano makubwa zaidi yalikuja mwaka wa 1945. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Subhas Chandra Bose aliongoza jeshi la Wahindi lililopigana upande wa Wajapani kwenye mpaka wa Burma na India. Mwaka uleule wa 1944 ambao jeshi hilo lilirudishwa nyuma kutoka Imphal, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisonga mbele katika bonde la Kabaw, na miongoni mwa askari wake walikuwamo vijana wa Nyanza. Kushikamana na Japani hakukuwa jambo safi, na Wahindi wenyewe hawajamaliza kulijadili. Lakini vita vilipokwisha, maofisa watatu wa jeshi hilo, Shah Nawaz Khan, Prem Kumar Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon, walishtakiwa katika Ngome Nyekundu mjini Delhi kwa kosa la kufanya vita dhidi ya Mfalme. Wakili wao, Bhulabhai Desai, hakusema kwamba hawakupigana. Alisema kwamba walikuwa jeshi la serikali, ijapokuwa ya muda, na kwamba watu wanaopigania nchi yao wana haki za wapiganaji kwa sheria ya mataifa. Mahakama ilikataa ikawahukumu kifungo cha uhamishoni maisha. Nchi ilichafuka kiasi kwamba mwezi wa Januari 1946 mkuu wa majeshi, Claude Auchinleck, aliifuta adhabu hiyo. Mwezi uliofuata mabaharia wa Kihindi mjini Bombay waliasi, na hao waliasi kweli, tena kwa heshima. Mwaka wa 1947 Waingereza waliondoka.

Sasa twende Nyeri, Novemba 1956. Mtu aliyeongoza wapiganaji msituni, ambaye serikali ilitumia majeshi na ndege kumwinda, anafikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Je, Dedan Kimathi alishtakiwa kwa kufanya vita dhidi ya Malkia? La. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi bila ya idhini, makosa ambayo kwa kanuni za hali ya hatari yalitosha kumnyonga mtu. Akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Mahakama ya Delhi ilikuwa imelitamka neno "vita" katika shtaka lenyewe, na mawakili wakapata pa kushika. Nyeri hapakuwa na vita. Palikuwa na bastola. Watu zaidi ya 1,000 walinyongwa Kenya katika miaka hiyo, na katika karatasi za serikali hawakuwa mateka wa vita hata mmoja wao, bali wahalifu, na katika magazeti wakawa magaidi. Gaidi, kwa Kiswahili cha zamani, ni mnyang'anyi anayewavizia wasafiri njiani.

Wapiganaji wenyewe walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Jina la Mau Mau, ambalo asili yake wataalamu hawajakubaliana, liliendelea kuwa jina la chama haramu katika sheria za Kenya huru hadi 2003. Serikali za Waafrika, kuanzia ya Kenyatta, ziliiacha marufuku ya mkoloni katika vitabu vya sheria kwa karibu miaka 40. Mwaka wa 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Ilisikitika kwa mateso yaliyofanyika kambini. Kuhusu swali la kama vilikuwa vita halali, haikusema kitu, na sidhani kwamba ni kazi yake kutusemea.

Hapa nitaulizwa na mwalimu mwenye busara: je, wataka tuwageuze mababu wa Seme kuwa Kimathi wa ziwani? Sitaki. Kupigana kwa 1899 hakukuwa kupigania Kenya, kwa sababu Kenya haikuwapo. Walipigania ng'ombe, nafaka na haki ya kuamua ni nani apite kwao. Wala sitaki tuwaite watu wa Gem au Wawanga vibaraka. Hilo nalo ni neno lililokuja limekwisha pikwa. Mumia wa Wanga alikuwa na mahasimu wake wa zamani, akawaona Waingereza kuwa kabila jingine lenye bunduki nzuri; kwa hesabu za siku ile si ujinga. Askari waliokuja Seme walikuwa Waafrika wengi, nao pia walikuwa na sababu zao, ikiwamo njaa. Kikapu kile cha tatu katika orodha ya mtihani kinanikera kwa sababu hiyo: kinatufanya tuone kana kwamba Wajaluo walikuwa kitu kimoja kilichoshindwa kuamua, kumbe kila nchi yao iliamua yenyewe.

Lipo jambo lingine linalostahili kuandikwa ubaoni kando ya majina hayo. Katika nchi tatu zilizopigwa mwaka wa 1899, Uyoma ndiko alikozaliwa Ramogi Achieng Oneko, aliyeshtakiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria. Rufani yake ilikubaliwa mwaka wa 1954, lakini akashikiliwa kizuizini hadi 1961. Sakwa ndiko alikozaliwa Jaramogi Oginga Odinga, aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1958 akasema kwamba wale waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Sidai kwamba ujasiri hurithiwa kama shamba. Ni majirani tu wa kijiografia, nami nayaweka matukio haya pamoja ili mwanafunzi aone kwamba ramani yake haikuwa tupu.

Baada ya silaha kuwekwa chini, kandokando ya ziwa watu walipata neno lao wenyewe. Mwezi wa Desemba 1921, huko Lundha katika Gem, walikutana kulalamikia kodi, kipande na kazi ya shuruti, na harakati yao ikajulikana kwa jina la Piny Owacho. Maana yake ni "nchi imesema". Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja kilichofanyika: nchi ndiyo kiima, nayo ina kitenzi chake.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Seme, Uyoma na Sakwa ni dogo, wala halihitaji idhini ya wizara. Mtakapofika kwenye mada ile, wapeni wanafunzi wiki moja na daftari tupu. Waende nyumbani wawaulize wazee walisikia nini kutoka kwa wazee wao kuhusu ng'ombe waliochukuliwa, mahali walipochukuliwa, na jina la mahali hapo kwa Dholuo. Na wasikilize kwa makini mzee atatumia neno gani pale atakapofika kwenye tukio lenyewe: "lweny" au "ng'anyo". Waliandike jinsi litakavyotamkwa, kabla ya mtu yeyote kuwatafsiria.